Mwenyeji Hujulikana Siku ya Kuaga

Jumapili, tarehe tisa Novemba. Asubuhi jua la kuchoma utosi. Mchana mawingu yalikuja kutoka upande wa Urambo, yakatutisha kwa ngurumo, kisha yakapita na mvua yao. Vumbi liko palepale.

Leo nimekwenda kumuaga Mwalimu. Tunahamia Usoke kwa baba mkwe, mimi, baba watoto na watoto, na huko nataka kufungua kibanda changu cha kutengeneza kengele za bani. Bani ni ile nyumba ya kukaushia tumbaku kwa moto. Moto ukizidi na mkaushaji kasinzia, tumbaku inateketea na nyumba yake. Kengele inamwamsha. Mchoro wa hiyo kengele ni wa Mwalimu, na bila mchoro ule, mimi Usoke nitakuwa fundi wa kubadilisha betri za redio. Kwa hiyo nilikwenda kuaga na nilikwenda kuomba, na niliogopa kuomba kuliko kuaga.

Ya leo nitayaandika mwisho. Nikianza nayo nitamwonyesha Mwalimu upande mmoja tu, na yeye ni mtu wa pande mbili, kama bodi, kile kibao cha njia za umeme kilichomo ndani ya redio. Nimeishia kidato cha pili, sina hakika kama naweza kumwandika mtu akatosha. Pakipungua, pamepungua kwangu.

Mwalimu alifundisha umeme chuoni mpaka akastaafu, kisha akahamishia darasa uani kwake hapa Tabora mjini. Ni mwanamke mfupi. Baibui lake la kazini limetobolewa na cheche za kulehemu mpaka limekuwa kama chujio. Ana miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, na mara nyingi anautafuta wa kichwani kwa kututuhumu sisi. Si mtu wa kujishusha. Ukimsifu anakubali, tena anakuongezea ulichosahau. Ukimwonyesha kosa lake anasema, "Mimi sikosei. Mimi huchelewa kupatia." Anasema hajui Kinyamwezi, yeye mtu wa mjini. Lakini akiungua kidole, maneno yanayomtoka, kuanzia "Mayu wane!", yaani mama yangu, na kuendelea, yangemfurahisha bibi yeyote wa kijijini.

Siku ya kwanza nilipofika kuomba kujifunza, nilimkuta ameinamia redio.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Siku ukiondoka hapa, utaondoka na nini?"

"Nimekuja kuingia, Mwalimu, sijaja kuondoka."

"Wote wanaoingia husema hivyo. Haya, kaa. Nishikie hicho chuma. Si huko, huko kunaunguza."

Nilikuwa nimeshashika.

Lile swali nililiona la ajabu, ila baadaye nilikuja kujua kwamba hamuulizi mtu wala kitu jambo lingine kabla ya hilo. Ana msemo wake: mwenyeji hujulikana siku ya kuaga. Anasema watu wa misafara ya zamani waliacha pembe za ndovu na nguo kwa wenyeji wao, Kwihara na hapa mjini, wakaendelea mbele kwenda Ujiji. Mwenyeji alikupokea kwa ubani, akakutandikia busati, akakuchinjia, bado hujamjua. Utamjua siku unarudi na kumwambia, nipe mzigo wangu naondoka. Akianza kukohoa, umeshamjua.

Basi msemo huo anautumia kwa kila kitu. Akinunua laini ya simu, anauliza kwanza inafungwaje. Akienda dukani, anauliza kurudisha kabla ya kuuliza bei. Posa ya binti wa nduguye ilipoletwa, wazee wamekaa, kahawa imemiminwa, yeye akauliza kutoka upande wa wanawake, "Wakiachana, vyombo vya binti atavirudisha nani?" Mjomba mmoja wa upande wa pili alimwagikiwa kahawa. Posa nusura ivunjike. Ndoa ipo mpaka leo, na huyo bwana mwenyewe aliniambia kwamba swali lile lilimtia adabu kabla hajafanya kosa. Ila kusema haki, dada zake Mwalimu walimnunia muda mrefu, na nadhani nao walikuwa na sababu. Kuna maneno hayasemwi mbele ya kahawa.

Habari ya programu za kuchorea bodi ilianza kwa sababu ya macho. Zamani Mwalimu alichora kwa mkono, kwa rangi ya kucha, juu ya kibao chenye ngozi ya shaba. Kibao kinatumbukizwa kwenye dawa inayokula shaba. Palipopakwa rangi shaba inabaki, na hiyo inayobaki ndiyo njia ya umeme. Njia zake zilikuwa nzuri kuliko hina ya bibi harusi. Kisha akaanza kukosa mlango na kumimina chai nje ya kikombe. Daktari akamwambia ni presha ya macho: kilichokwisha potea hakirudi, kilichobaki kitunzwe kwa dawa. Alirudi akatutangazia kama anayebadilisha ratiba ya vipindi: "Macho yamenipa notisi. Michoro yote ihamie kwenye kompyuta kabla sijawa mgeni kwayo."

Sasa ihamie kwenye programu ipi? Hapo ndipo mtoto wa kaka yake alipokuja kutoka Dar na kompyuta nzuri na viatu vyeupe.

"Shangazi, hii ndiyo wanayotumia wakubwa. Ni ya pesa ndefu, lakini kwako bure kabisa. Nimevunja kufuli."

"Umevunja kufuli la nani?"

"La wenyewe. Hawatajua, Shangazi."

"Sijauliza kama watajua."

"Mambo ya kizamani hayo, Shangazi."

"Mimi mwenyewe wa kizamani. Nivunje na mimi, uniuze."

Niliona kijana anaonewa kidogo, nikamkumbusha Mwalimu kwamba kanda zake za taarabu zote amezirekodi kwa majirani. Aliniangalia juu ya miwani. "Taarabu ni harufu ya pilau," akasema. "Ikivuka ukuta, nani kaiba?" Mpaka leo sijaona tofauti. Kijana alicheka, akakubali kuijaribu ile ya kulipia kwa njia ya halali, ile ruhusa ya muda mfupi wanayotoa wenyewe.

Programu zilikuwa tatu. Mwalimu alizipa majina kama wageni. Ya kulipia akaiita Bwana Mkubwa. Ya pili haikai kwenye kompyuta, unaifungulia mtandaoni na michoro yako inakaa huko huko kwao. Hiyo akaiita Wa Hewani. Ya tatu ni ya bure, imetengenezwa na watu wengi wa kujitolea, unaiweka kwenye mashine yako na hakuna wa kukufukuza. Hiyo akaiita Mkulima.

Alichora kitu kilekile katika zote: taa, betri na swichi. Sisi tulitegemea atazame ipi inachora vizuri. Alipomaliza kuunganisha taa kwa Bwana Mkubwa, akasema, "Haya. Sasa naondoka. Nipe mzigo wangu."

"Shangazi! Hata hujaanza kuitumia unataka kutoka?"

"Mlango wa kutokea ndio wa kwanza kuutazama. Hata kwenye basi."

Nataka niwe mkweli kwa wote watatu. Bwana Mkubwa alichora vizuri kuliko wenzake, njia zinajipanga zenyewe kama askari, na kijana alisema kweli aliposema wakubwa wanamtumia. Lakini ruhusa ilipokwisha, mchoro ulibaki ndani tunauona jina tu, haufunguki. Wa Hewani alikuwa mwepesi, hata kwenye kompyuta yetu mbovu alikwenda, tena alikuwa na ghala la vifaa ambalo sijawahi kuona. Siku ya kuaga alitupa picha safi na mafaili ya kupeleka kiwandani. Ila mchoro wenyewe, ule unaoweza kurekebishwa, ulikuwa unafunguka vizuri kwake tu. Mwalimu akasema, "Amenipa ugali uliopikwa. Mbegu kabaki nazo." Na siku hiyo bando likaisha katikati, ikawa hata ugali hatuuoni.

Mkulima alikuwa mgumu. Vitufe vyake vimejificha, na mimi nililia kwa sababu yake, nasema kweli. Lakini Mwalimu alipomwambia naondoka, akatoa faili, na faili lile Mwalimu akalifungulia kwenye programu ya kawaida ya kuandikia barua. Likafunguka. Maneno matupu: taa iko hapa, mguu wa kwanza unakwenda kule. Mwalimu aliinamisha uso mpaka pua ikakaribia kioo.

"Linasomeka," akasema.

"Lakini sura hakuna, Shangazi. Maandishi tu."

"Ndiyo. Hata kipofu akisomewa ataelewa."

Tukamchagua Mkulima.

Kwa hiyo mtu angesema Mwalimu alichagua sawa na mambo yakanyooka. Hayakunyooka. Bodi za kwanza za kengele zilipofika kutoka kiwandani zilikuwa nzuri, za kijani, maandishi meupe. Tukapachika vifaa, tukawasha. Kengele ikalia hapohapo, mezani, pamoja na ubaridi wa asubuhi. Tukasogeza chuma cha moto karibu na kipimajoto. Ikanyamaza.

"Kukiwa shwari inapiga kelele, kukiwaka moto inalala," nikasema. "Kama mbwa wa jirani."

Mwalimu alilaumu kiwanda. Kisha akamlaumu Mkulima. Kisha akanilaumu mimi, nikakubali, maana sikuwa na hakika kwamba si mimi. Aliingia ndani kuswali adhuhuri, na alipotoka alikuwa anacheka peke yake. Rilei, kile kiswichi kinachofunga na kufungua umeme, alikuwa amekichora miguu ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Programu humchukulia mchoraji kama mtu anayeitazama bodi kutoka juu. Yeye amechora maisha yake yote upande wa shaba, yaani upande wa chini.

"Kumbe mimi," akasema, "bodi naijua kwa kulala chini yake."

"Basi tuzitupe?"

"Tutupe nini? Ning'iniza rilei tumboni."

Tukazipachika rilei chini ya bodi, zinaning'inia miguu juu. Zikafanya kazi sawasawa. Wakulima wa Usoke walipoziona wakaziita popo, na baba mkwe wangu anayo moja mpaka leo, hataki ibadilishwe. Kila aliyenunua, Mwalimu alimweleza: hii ilikosewa, ikarekebishwa hivi. Mmoja alisema, "Mwalimu, ungekaa kimya tungedhani ndiyo mtindo." Lakini maelezo hayo hayakumzuia kusema, mbele ya mteja yuleyule, kwamba yeye hakosei.

Toka hapo macho yalizidi kumuaga. Mwaka huu haoni tena njia kwenye kioo. Asubuhi nafungua faili kwa maandishi, namsomea kifaa kimoja kimoja, naye amekaa kwenye kiti cha kamba, kikombe mkononi, amefumba macho. Naogopa kusema jinsi ninavyozipenda asubuhi zile. Anasikiliza kama wengine wanavyosikiliza matangazo ya mpira.

"Kipimajoto, mguu wa pili, unakwenda..."

"Simama. Umbali gani na ule wa umeme mkubwa?"

Namsomea umbali.

"Karibu mno. Msogeze kama unamtenga mtoto na jiko."

Namsogeza, nahifadhi, tunaendelea.

Sasa upande wa pili wa bodi. Mtu huyu anayepima kila mwenyeji kwa siku ya kuaga, yeye mwenyewe hakuwa anaagana na mtu. Mgeni akiinuka, Mwalimu hainuki. Sisi hapa mgeni husindikizwa, hata hatua chache; yeye anapunga mkono palepale kitini, uso kwenye redio. Na kulikuwa na fundi kabla yangu, hodari, akaenda Kahama kufungua kibanda chake. Tangu hapo jina lake halitajwi uani. Anaitwa "yule". Nilisikia kwa watu kwamba aliondoka mikono mitupu, bila mchoro hata mmoja. Nilimaliza miezi nikilifikiria hilo. Nilijiuliza, Mwalimu ni Mkulima au ni Bwana Mkubwa?

Leo nikaenda. Nilimkuta uani, miwani yote miwili kichwani, haina kazi tena lakini haivui.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umevaa viatu vya safari. Nimesikia vinavyolia."

Nikakaa. Maneno niliyoyapanga njiani yakanikimbia. Nikasema tu, "Mwalimu, naondoka. Nakwenda Usoke. Nimekuja kuaga."

Nikaona sasa ataanza kukohoa.

"Utaondoka na nini?"

Lile swali. Safari hii nilikuwa na jibu. "Naomba mchoro wa kengele, Mwalimu. Ukiridhia. Usiporidhia nitaondoka hivyo hivyo, na nitakushukuru."

"Kompyuta yako umekuja nayo?"

Nilikuwa nayo, ile ya mtumba aliyoninunulia baba watoto. Akaniambia nihamishe mchoro, nizime mtandao, nifungue hapo hapo mbele yake. Nikafungua. Kengele yote ikatokea, na njia zake. Nilimshika mkono nikamshukuru. Akautoa.

"Mbio za nini? Ongeza kifaa. Rilei nyingine."

Nikajaribu. Ghala lilikuwa tupu, hakuna rilei, hakuna hata taa.

"Hamna kitu, Mwalimu."

"Najua hamna. Mchoro ni mzigo. Ghala ndiyo miguu ya kuubebea. Utafika Usoke, mtu atakuletea rilei ya aina nyingine, utabaki umekaa juu ya mzigo kama mpagazi aliyevunjika mguu. Rudi kwenye kompyuta yangu, chukua ghala."

Ghala lile ni vifaa alivyovipima mwenyewe kwa rula na kioo cha kukuzia, miaka yote macho yakiwapo, kimoja kimoja. Sijasikia amempa mtu. Nikalihamisha lote. Na kwa kuwa naona mambo ya haki yasemwe, nikamuuliza lililokuwa linanikera. "Mwalimu, mbona yule hukumpa?"

"Yule nani?"

"Yule wa Kahama."

Akageuza uso. "Yule hakuaga. Asubuhi nimeamka, nimeweka chai ya watu wawili, nasubiri. Nikaambiwa na wapita njia kwamba mtu wangu kapanda basi. Ningempaje mzigo mtu ambaye hakuja kuuomba?"

Kwa upande mwingine, nadhani na yule aliogopa kama nilivyoogopa mimi, maana huyu bibi haonyeshi mlango wake. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilimwambia, kwa maneno mepesi. Akasema, "Huenda. Ukionana naye, mwambie ghala lipo." Kisha, "Ila asije wakati wa kulala mchana."

Akaingia ndani akipapasa ukuta, akatoka na kopo la visheti. "Masurufu," akasema. "Ya njiani, si ya leo."

Nikainuka. Na yeye akainuka.

Sikuelewa mwanzoni. Nilidhani anatafuta kitu. Akaniwekea mkono begani, tukavuka ua, tukatoka mlangoni, tukaifuata njia mpaka kwenye lami. Waendesha bajaji wakatuamkia. Muuza karanga, anayemfahamu tangu zamani, alisimama na sinia kichwani akatutazama mpaka tukampita. Pale kwenye lami Mwalimu akasimama.

"Mimi naishia hapa," akasema. "Nenda salama. Wasalimie popo."

Nikasema asante, nikapiga hatua chache, nikageuka. Alikuwa bado amesimama, uso umeelekea upande usio wa nyumbani. Hakuniita. Nadhani asingeniita mpaka magharibi. Nikarudi, nikachukua mkono wake nikauweka tena begani, tukarudi njia ileile, taratibu, mpaka kizingitini kwake. Alipogusa fremu ya mlango akaanza kucheka, kile kicheko cha siku ya rilei.

"Haya sasa," akasema, "nani kamsindikiza nani?"

Nikamwambia sijui, Mwalimu. Mpaka sasa ninapoandika sijui.

Jioni tumekula ugali na uyoga wa kuchemsha na karanga. Watoto walilifungua kopo la visheti wakanusa. Nikalifunga, nikaliweka juu ya mizigo. Ni ya njiani.